Saini Elfu Tatu Dhidi ya Milimita

Tulimwita Milimita, na jina hilo alilipata kihalali. Wiki yake ya kwanza kwenye chapa yetu, kiwanda kidogo cha uchapaji, alichukua kadi ya harusi ambayo mwenye chapa alikwisha kuipitisha, na mama wa bi harusi naye alikwisha kuipitisha, akaiwekea rula na kusema, "Ua la kushoto limepanda milimita moja." Tukacheka. Kisha tukapima. Lilikuwa limepanda milimita moja.

Mimi nilikuwa mkata karatasi, na mashine yangu ilitazamana na meza yake kwa miaka tisa. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia, mengi niliyaona kwa macho yangu. Yale ya nyumbani kwake aliniambia mwenyewe, na mengine nilimaliziwa na mama yake siku nilipokwenda kumjulia hali.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, mwenye maneno ya kupima kama karatasi zake. Aliolewa akaachika bila kelele, akarudi kuishi na mama yake, fundi cherehani aliyeacha kushona macho yalipomwishia nguvu. Walikuwa na mtu mmoja wa kujivunia: mdogo wake Milimita, wa mwisho kuzaliwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda. Baba yao alifariki Kitinda akiwa darasa la nne. Milimita wakati ule alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uchoraji. Akaaga chuo, akashika brashi, akaanza kuchora vibao vya maduka na saluni ili mtoto asome. Na mtoto akasoma kweli. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, anatengeneza programu za kompyuta katika jengo refu lenye lifti. Alipanga chumba mtaa wa pili, lakini chakula cha jioni alikula kwa mama yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Mambo yalianza siku alipoingia pale chapa mwanamume mmoja wa begi la mgongoni na viatu vya turubai. Alikuwa katibu wa kamati ya watengeneza programu, anataka bango la mkutano wao. Alitoa picha ya nembo: kichuguu kilichochorwa kwa kalamu, na mchwa kumi na saba wanakipanda.

Milimita aliitazama, akaipunguza kwenye kompyuta, akaipunguza tena.

"Kaka, hili bango nitakuchapia. Lakini kadi na stika siwezi."

"Kwa nini?"

"Mchwa wako ukiwapunguza wanageuka madoa. Watu watadhani mashine yetu imetema wino."

Katibu hakukasirika. Alivuta kiti akaeleza. Kitu chao kinaitwa Kichuguu, na ni kiunzi cha programu. "Unajua nyumba? Fikiria umefika kiwanjani ukakuta nguzo zimesimama na kenchi zimefungwa, kazi yako ni kuta na rangi tu. Sasa mtu akitaka kutengeneza programu ya zahanati au ya kukata tiketi, nguzo anazikuta kwetu. Tunaijenga wengi, kwa kujitolea, kila mtu na tofali lake."

"Mnaotumia mko wangapi?"

"Laki mbili na ushee."

Milimita aliweka rula chini. "Watu laki mbili wanatazama madoa haya kila siku?"

Hivyo ndivyo alivyopewa kazi ya kuchora nembo upya. Sharti lilikuwa moja: jina lake lisijulikane mpaka mambo yaishe. Katibu alisema aliyejaribu kabla yake alitukanwa mtandaoni mpaka akabadili namba ya simu. Milimita akatia saini, akakubali kutomwambia mtu. Mimi nilijua kwa kuwa tunatazamana siku nzima, siri isingepita katikati yetu bila kunigonga. Nyumbani hakusema.

Na nyumbani ndiko kulikokuwa na utamu wote. Kitinda alikuwa mtu wa Kichuguu tangu siku yake ya kwanza ya kazi. Alikuwa na fulana yenye wale mchwa kumi na saba, ameivaa mpaka kola imeachia. Milimita aliniambia, akicheka peke yake, jambo nililoliona mara chache mno: "Siku ikitangazwa kuwa ni mimi, nataka niwe nimekaa mbele yake. Nataka nimwone uso."

Alifanya kazi ile miezi miwili, baada ya kumaliza za mwenye chapa. Alichora vichuguu mpaka nikaanza kuviota. Mwishowe akabaki na mistari mitatu ya kupinda, mmoja juu ya mwingine, kama mlima uliokatwa vipande, na kijilango chini. Aliichapa kwenye fulana, kwenye kadi, kwenye bango la mita tatu. Popote ulipoiweka ilisimama vizuri. Hata mwenye chapa, mtu asiyesifu hata chai aliyopika mwenyewe, alisema, "Imekaa."

Kamati ikaiweka kwenye jukwaa lao la mtandaoni Jumatatu saa nne asubuhi, watu watoe maoni wiki mbili. Milimita alifungua ukurasa kwenye kompyuta yake, nami nikazima mashine nikasogea.

Oni la kwanza liliingia baada ya dakika tatu. "Mkate ulioungua."

Tulicheka wote wawili. La pili: "Nani kakanyaga kofia yangu?" Hilo nalo tukacheka. Kisha yakaanza kumiminika, na kicheko kikatuishia kinywani. Mmoja alisema anaona aibu kufungua kompyuta mbele ya watoto wake. Mwingine aliapa kuhamia kiunzi kingine. Mwingine, mtu mwenye picha yake na tai shingoni, aliandika kwamba aliyechora akatwe vidole. Kufikia adhuhuri yalikuwa zaidi ya mia nne.

Nimefanya kazi ya chapa maisha yangu yote, nimemwona mteja akirusha kalenda ukutani kwa sababu Februari ina siku thelathini. Lakini sikujua kwamba watu wazima, wenye kazi na familia, wanaweza kupandwa na mori kwa sababu ya mistari mitatu. Milimita hakula mchana ule. Alikaa na mkono kwenye kipanya, akisogeza ukurasa chini taratibu, macho hayapepesi.

Siku ya tatu akatokea mmoja aliyejiita Mchwa Askari. Huyu hakuandika mstari mmoja, aliandika kurasa. Alijua kuandika, lazima niseme. Alianza kwa kupima, akaeleza kasoro moja baada ya nyingine, kisha akageukia mchoraji mwenyewe. Waliosoma wakampigia makofi mengi kuliko yeyote. Kesho yake akaanzisha waraka wa kukusanya saini, nembo ya zamani irudishwe. Wiki haikuisha saini zilikuwa elfu mbili.

"Huyu," Milimita aliniambia, "wengine wote wanapiga kelele. Huyu ananichukia."

Jumatatu ya pili, kama saa saba mchana, nilisikia kitu kinaanguka. Ilikuwa rula yake ya chuma. Nilipoinua macho nilimwona amesimama, mikono imeshika ukingo wa meza, uso umepauka kama karatasi ya gramu themanini.

"Njoo usome hapa," alisema.

Nikasoma. Mchwa Askari alikuwa ameandika tena. "Anakutukana kama kawaida yake," nikasema.

"Soma mwisho."

Mwisho ulisema: *Hii nembo ni sufuria ya bi harusi.* Basi, hakuna zaidi.

"Umewahi kuisikia wapi hiyo?" akaniuliza.

"Sijawahi."

"Hujawahi kwa sababu haipo." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka chumba kingine. "Mama alipoolewa alipewa sufuria inang'aa kama kioo. Siku ya kwanza kuitia maji, maji yakamlowesha miguu. Tangu hapo nyumbani kwetu kitu kizuri kisichofaa kinaitwa sufuria ya bi harusi. Viatu, simu, mchumba wa mtu. Tunasema sisi tu. Sisi watatu. Mimi sikuandika. Mama hajui hata kuwasha kompyuta."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini mhenga gani aliwahi kumwambia mtu methali hiyo wakati bado anatafunwa? Milimita alikwenda kunawa uso. Alikaa huko mpaka nikamfuata. Nilimkuta amesimama mbele ya bomba, maji yanamwagika, mikono ameiacha ikining'inia. Nilifunga bomba mwenyewe. Hakuonekana kujua kama nimeingia wala kama nimetoka.

Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani.

Mama yake alikuwa sebuleni na bati lake la vifungo, anavipanga kwa kupapasa: vya mashimo mawili huku, vya manne huku. Milimita alikaa kando yake. Jua lilikuwa bado halijazama Kitinda alipoingia, na aliingia na furaha yake.

"Mama, leo tumefika elfu tatu!"

"Elfu tatu ya nini, mwanangu?"

"Saini. Kuna mtu katuharibia nembo yetu, tunamng'oa."

"Mtu gani?" Milimita aliuliza.

"Hatumjui, Dada. Wamemficha. Fundi wa mtaani tu, kaokotwa huko."

"Ukimwona utamwambia nini?"

"Yale yale niliyoandika. Mimi sina sura mbili." Akavuta kiti, akaketi, akaangalia chakula kiko wapi.

Milimita alikwenda chumbani akarudi na jalada. Hakulitupa, hakulipiga mezani. Aliliweka palipotakiwa kukaa sahani.

Kitinda alilifungua kama anafungua kitu cha kawaida. Ukurasa wa kwanza vichuguu. Wa pili vichuguu, na vipimo pembeni kwa penseli. Tarakimu za saba zilikuwa zimekatwa katikati kwa mstari, na ni dada yake aliyemfundisha Kitinda kuziandika hivyo alipokuwa mdogo. Mkono wake ukasimama juu ya karatasi. Kinywa kilifunguka na kikabaki hivyo hivyo, kama cha mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.

Maneno yake ya kwanza hayakuwa samahani. Yalikuwa, "Kwa nini hukuniambia?"

"Kuna nini?" mama aliuliza.

Kitinda alifunga jalada.

"Nimeuliza kuna nini. Macho ndiyo mabovu, masikio mazima."

"Mama," Kitinda alisema, "ile nembo… kaichora Dada."

"Nembo ipi?"

"Hiyo ya saini elfu tatu."

Mama aliacha vifungo. Kisha akasema, "Hebu nisomee ulichoandika."

"Ni mambo ya kompyuta, Mama, hutayael—"

"Soma."

Akatoa simu, akasoma. Alianza na vipimo, haraka haraka, akitumaini vitamchosha. Mama hakuchoka. "'Aliyechora hii angekuwa fundi wa nyumba, tungelala nje.'"

"Endelea."

"'Hajui kazi, na waliompa kazi hawajui kwamba hajui.'"

"Endelea."

Kitinda akakohoa. Alitazama kioo cha simu, akamtazama dada yake, akaizima. "Imeisha, Mama."

"Haijaisha," Milimita alisema. Alikuwa ameyasoma maneno yale mara nyingi kiasi kwamba hakuhitaji simu. "'Arudi shule akamalizie masomo aliyoyakimbia.'"

Mama yake aliniambia kwamba hapo alisikia kiti kinakwaruza sakafu, na mtu anapumua kama aliyepanda ngazi za ghorofa kumi. Kitinda alikuwa ameandika hivyo kuhusu mtu asiyemjua. Aliandika kwa kubahatisha, kama mtu anavyorusha jiwe gizani. Na jiwe lilikuwa limempata yule yule aliyeacha chuo kwa ajili yake.

"Na leo je, umeandika nini?" mama aliuliza.

Hakuthubutu kudanganya. "Nimeandika kwamba ni sufuria ya bi harusi."

Walidhani labda mama atacheka, maana neno lile halikuwahi kutajwa mle ndani bila kicheko. Hakucheka.

"Neno hilo ni langu," alisema. "Nililitunga nikiwa nimelowa miguu, baba yenu akacheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kulitumia kumuumiza mtu. Wewe umelichukua ndani ya nyumba yangu, ukaenda kumpigia nalo mwanangu mbele ya watu."

Kitinda aliondoka bila kula. Milimita aliniambia kwamba hakulia. Kilichomshangaza ni baridi. Alikaa amejifunika shuka jioni ya joto, meno yanagongana.

Asubuhi yake nilimkuta Kitinda mlangoni kabla mwenye chapa hajafika na funguo. Macho mekundu, shati lile lile la jana. Dada yake alipokuja alimpisha aingie kwanza.

"Dada, nafuta kila kitu. Sasa hivi, mbele yako."

Milimita alining'iniza mkoba wake. "Uliandika kwamba kwenye kile kialama kidogo cha pembeni mwa dirisha la kompyuta, nafasi kati ya mistari inazibika. Ulipima au ulitaka kunogesha tu?"

Kitinda hakutegemea swali lile. "Nilipima."

"Ngapi?"

"Pale nembo nzima ina nukta kumi na sita tu za kioo kwenda juu. Nafasi inabaki chini ya nukta moja. Inapotea."

Milimita aligeukia kompyuta, akaipunguza nembo mpaka nukta kumi na sita. Sote watatu tulisogeza vichwa. Mistari mitatu iliungana ikawa donge moja jeusi, la mviringo juu na bapa chini.

Mkate. Mkate ulioungua kabisa.

Milimita aliketi polepole. Nadhani siku zile zote, matusi na vidole vya kukatwa na yale ya nyumbani, hakuna kilichomshtua kama donge lile. Aliipima nembo kwenye bango la mita tatu, kwenye fulana, kwenye kadi. Mahali ambapo wale watu laki mbili wangeiona kila siku ya Mungu, hapo hakuwahi kuipima. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi haina nukta kumi na sita.

"Hilo usilifute," alisema hatimaye. "Hayo mengine utajua mwenyewe."

Siku ile ile, kwa idhini ya dada yake na ya katibu, Kitinda aliandika kwa jina lake halisi. Alisema Mchwa Askari ni yeye, na mchoraji ni dada yake aliyemsomesha. Alisema matusi anayarudisha tumboni, vipimo anasimama navyo, na waraka wa saini anaufunga.

Alidhani watu watamwelewa. Wale wale waliompigia makofi walimgeukia kabla ya saa sita mchana. Msaliti. Kanunuliwa. Ndugu wawili wamepanga mchezo ili wapate sifa. Mtu mmoja aliweka mtandaoni picha ya mlango wa jengo analofanyia kazi Kitinda. Mkubwa wake akamwambia akae nyumbani siku mbili, upepo upite. Alimpigia simu dada yake kwa sauti ya juu, nikamsikia mpaka kwenye mashine yangu.

"Dada, hawa ninawajua miaka sita! Tumejenga pamoja. Jana tu walikuwa wananisifia."

"Mimi walinianza bila kunijua," Milimita alimjibu. "Kaa ndani. Zima simu. Mama nitamwambia uko salama."

Katibu alikuja mwenyewe kumuuliza Milimita kama anataka kuacha. Nilitegemea aseme ndiyo, hata mimi ningesema ndiyo. Aliomba siku kumi. Alianza na ile nukta kumi na sita, akapanda nayo kwenda juu, kinyume na alivyozoea. Mistari ikawa miwili badala ya mitatu, nafasi pana, kijilango kikakata mpaka katikati. Mdogo wake hakuonyeshwa. Tangu jioni ile ya jalada Kitinda hakukanyaga nyumbani kula, na mama yao hakumwita.

Watu wa Kichuguu walipiga kura siku moja nzima, nembo mpya au ile ya mchwa. Nembo mpya ilipita kwa tofauti ya kura kumi na tisa. Milimita alilitazama tangazo kana kwamba limeandikwa lugha asiyoijua. Alikuwa amejiandaa kushindwa, akaandaa hata maneno. Simu yake ikalia.

"Dada, hongera. Nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu. Mimi nimepiga hapana."

Nilimwona akishika meza tena.

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya wale mchwa. Niliingia kazini sijui lolote, kila asubuhi nawakuta wao. Hii yako ni safi, haina kasoro, nimeipima. Lakini moyo umekataa."

"Umepiga kwa jina lako?"

"Kwa jina langu."

Alilaza rula yake sambamba na ukingo wa meza. "Jumapili njoo ule," akasema, akakata simu. Kisha akaniambia hajui kama amefurahi au amekasirika, na nisimuulize mpaka ajue.

Baada ya hapo alipata maombi mengine ya kuchora nembo. Akitajiwa sharti la kuficha jina, anarudisha karatasi. "Anayetaka kunitukana anitukane akijua mimi ni nani," anasema, na anaendelea na kadi zake.

Kitinda alikwenda Jumapili ile. Mama yao aliniambia kwamba alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile tangu azaliwe. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango badala ya chake. Ulipita mwezi mzima kabla hajahamia kile cha zamani.